Njiwa wa Mashindano

Njiwa hujulikana kila mahali, na watoto wengi wamewaona wakitua juu ya mapaa. Lakini katika nchi ya Ubelgiji wako njiwa wafugwao si kwa kuliwa, wala kwa uzuri wao, bali kwa kushindana. Huchukuliwa katika matenga mpaka nchi ya mbali, wakafunguliwa huko wote pamoja, na kila mmoja huruka kurudi kwa bwana wake. Ashindaye si lazima awe yule afikaye kwanza, maana mabanda hayako mahali pamoja. Hupimwa umbali wa kila banda, ukagawanywa kwa dakika alizoruka njiwa, na aliyekwenda mita nyingi zaidi katika dakika moja ndiye mshindi. Shindano moja lililo mashuhuri sana huanzia Barcelona katika Hispania. Toka huko mpaka Brussels ni kama kilometa 1,060 kwa mstari ulionyoka, na milima mirefu ya Pyrenees imesimama kati.

Hakuna mtu awezaye kumfundisha njiwa njia hiyo. Wataalamu wamechunguza miaka mingi, wakaona ya kuwa njiwa huongozwa na jua, na nguvu ya sumaku ya dunia, na hata harufu zichukuliwazo na upepo. Walakini hawajakubaliana katika yote. Kazi ya mfugaji ni nyingine: kumfanya kinda apapende kwao, kumtia nguvu, na kumzoeza safari asije akaogopa.

Kinda atimizapo siku kama saba huvikwa pete ya madini mguuni. Wakati huo vidole vyake ni vyembamba na pete hupita. Baadaye mguu hunenepa, nayo haitoki tena maisha yake yote. Apatapo majuma manne hivi hutengwa na wazazi wake, naye hujifunza kula peke yake. Tangu siku hiyo mfugaji huanza kumzoeza mlio mmoja. Hutia nafaka ndani ya kopo, akalitikisa kila wakati wa chakula, hata makinda wausikiapo mlio huo huja mbio. Kisha huwekwa juu ya paa ndani ya tundu la waya, wapate kuyatazama mazingira yao pande zote. Siku ya kwanza ya kutolewa hawafukuzwi kwa kelele wala kwa fimbo. Mlango hufunguliwa kimya, nao hutoka kwa miguu yao wenyewe, maana kinda arukaye kwa hofu hatazami nyuma, na huenda asirudi.

Hutolewa kabla ya kula, na hapa ndipo wengi hukosea. Kinda aliyeshiba hukaa juu ya paa la jirani akijipamba manyoya, na kopo hutikiswa bure. Na yule aliyeshindishwa na njaa hurudi upesi, lakini hana nguvu ya safari. Kipimo chake hakimo katika kitabu. Mfugaji hukijua kwa kumshika njiwa mkononi na kupapasa kifua chake.

Baada ya majuma kadhaa makinda huanza kuondoka machoni, wakapotea hewani nusu saa au zaidi, kisha wakarudi pamoja. Ndipo huletwa tenga. Kwanza hulazwa ndani yake usiku mmoja humo humo bandani, wakiwekewa maji nje ya fito, wajifunze kutoa shingo na kunywa. Neno hili laonekana dogo, lakini njiwa asiyejua kunywa katika tenga huanza safari yake na kiu. Kisha huchukuliwa kilometa 5, na 10, na 20, na 40, asubuhi isiyo na ukungu. Baada ya hapo huingia katika safari za chama. Kwa njiwa wa Antwerp, mji wa Quiévrain ulio mpakani mwa Ufaransa ni kama kilometa 100, na Noyon ni kama 200. Katika mwezi wa Agosti makinda walio hodari hupelekwa hata Bourges, kilometa zipatazo 440 kutoka Brussels.

Hapo mfugaji hujaribiwa. Kinda wake ameshinda mara mbili, majirani wanamsifu, naye hutamani kumtuma mbali zaidi. Mwenye busara humzuia. Barcelona ni ya njiwa waliokomaa. Kinda aliyetumwa kabla ya mifupa yake kukaza huharibiwa kwa ajili ya sifa ya bwana wake. Tena hewani mna hatari nyingi: kozi, nyaya, mvua, na upepo wa mbele. Tarehe 29 Juni 1997 njiwa zaidi ya 60,000 walifunguliwa Nantes katika Ufaransa, warudi kwao Uingereza. Maelfu hawakuonekana tena, wala kozi mmoja hawezi kuwamaliza hao.

Siku ya shindano mfugaji hukaa uani akitazama kusini. Zamani njiwa akifika ilikuwa lazima kumshika, kumvua pete ya mpira na kuitia katika saa. Siku hizi huvaa pete yenye kifaa cha umeme, na akanyagapo kizingiti wakati wake huandikwa. Hata hivyo akikawia juu ya paa dakika mbili, shindano hupotea, na ndipo thamani ya lile kopo huonekana.

Jioni huhesabiwa. Wakipungua wawili, kijilango hakifungwi mpaka giza, na alfajiri hufunguliwa tena. Mmoja huenda akaja siku ya nne, bawa limechanika na kifua kimekonda. Huyo haulizwi saa. Hupewa maji, na nafaka ndogo ndogo kidogo kidogo, akarudishwa mahali pake pa zamani juu ya ubao, wala hatiwi tengani tena mwaka ule.