Homa sio malaria tu, jamani

Najua nimepotea kidogo, test zimebana na boom lenyewe ndo hivyo tena, limeisha kabla halijazoeleka mfukoni. Leo sina stori za kafeteria. Nataka tuongelee homa.

Huku kwetu ukisema tu "nina homa", wa kwanza kukusikia anakwambia ukameze dawa ya malaria. Yaani maneno haya mawili tumeshayafanya mapacha. Na hapa bwenini kila chumba kina kaduka kake ka dawa: Panadol, diklofenaki, Septrin iliyobaki tangu muhula uliopita... Wengi wetu tunameza na maisha yanaendelea. Ila kuna watu hawawezi kucheza huo mchezo, na mmoja wao nakaa naye chumba kimoja. Jina nalihifadhi, ila ameniruhusu niandike.

Mwenzangu ana lupasi. Kwa wasioijua, ni ugonjwa ambao askari wa mwili, badala ya kupigana na vijidudu, wanawageukia wenye nyumba: viungo, ngozi, figo, hata damu. Hauambukizi. Kati ya wagonjwa kumi, karibu tisa ni wanawake, na wengi unawaanza wakiwa mabinti wa umri wetu huu huu. Juu ya hapo, damu yake ina tabia ya kuganda ovyo. Tatizo hilo alilieleza daktari Graham Hughes wa London mwaka 1983, ndo maana wengine wanaliita ugonjwa wa Hughes. Mwaka wa kwanza mguu ulimvimba, kumbe damu imeganda kwenye mshipa. Tangu siku hiyo anameza warfarini kila jioni ili damu isigande.

Sasa wiki mbili zilizopita, saa nne usiku, akaanza kutetemeka. Joto lote hili la Dar, yeye kajifunika blanketi mbili na meno yanagongana. Kipimajoto kikasoma 38.6. Jirani yetu mwenye roho nzuri kaja na vidonge vitatu vya SP: "Meza vyote kwa mpigo, kesho uko darasani." Mwenzangu akakataa. Watu wakaanza kunong'ona kwamba anadeka. Yeye akaniambia tu, "Shoga, niitie bajaji."

Hakuwa anadeka. SP na Septrin zote zina salfa, na salfa inajulikana kwa kuiamsha lupasi iliyokuwa imelala. Septrin pia inaipa warfarini nguvu kupita kiasi, mtu anaweza kuvuja damu. Diklofenaki na aspirini nazo ni hatari ya kuvuja damu kwa anayemeza warfarini, na sindano ya takoni inaweza kumwachia donge la damu ndani ya msuli. Tena SP yenyewe siku hizi sio tiba ya malaria, dawa mseto ilichukua nafasi yake hapa nchini mwaka 2006.

Kule hospitali daktari alitueleza vizuri. Kwa mgonjwa kama huyu, homa ina watuhumiwa wengi. Malaria ni mmoja, lazima ipimwe. Wa pili ni maambukizi mengine, maana prednisoloni anayomeza kuituliza lupasi inawalaza wale askari, na vijidudu vinapata mwanya. Wa tatu ni lupasi yenyewe kuamka. Wa nne ni damu iliyoganda, hasa kwenye mapafu, ambayo nayo inaweza kuleta homa. Kutetemeka kwa nguvu kunamfanya daktari awaze maambukizi kwanza, ila hawezi kujua kwa kumtazama usoni. Ni damu, mkojo, picha ya kifua. Ubaya mwingine, prednisoloni inaweza kuificha homa, kwa hiyo hata joto dogo kwake sio dogo.

Malaria haikuwepo. Bakteria walikuwa wameingia kwenye figo. Alilazwa siku tano, dawa zikipitia kwenye mshipa. Nikamuuliza daktari, kwani angesubiri asubuhi ya keshokutwa? Akasema kwa wenye tatizo hili la kuganda damu, maambukizi ndiyo yanayoongoza kwa kuwasha moto mkubwa: damu inaganda kwenye figo, mapafu, ubongo, ndani ya wiki moja. Ni nadra, lakini inaua.

Kinachonichekesha ni kwamba mwenzangu kila siku anameza haidroksiklorokwini, ndugu yake klorokwini, dawa iliyoanza kama ya malaria! Inatuliza lupasi vizuri sana. Ila haimkingi na malaria ya huku, maana vimelea vyetu viliizoea klorokwini zamani.

Basi wadau, kama una ndugu au rafiki mwenye hali hii, akipata homa mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mkifika tu, mtaje ugonjwa na dawa zote anazomeza, msisubiri kuulizwa. Mwenzangu ameziandika kwenye karatasi, anaiweka nyuma ya kadi ya bima. Asiache prednisoloni ghafla kwa kuwa anaumwa, mwili umeshaizoea na unaweza kuzimika. Na akiikataa dawa yako, usinune. Mwitie bajaji.

Yeye amerudi darasani Jumatatu, bado mchovu, na ameshaanza kunidai notisi. Nawasilisha. Wenye ndugu wa namna hii karibuni mtueleze nyie mnafanyaje.