TOKYO: WAO WANAINYWA KILIMANJARO, SISI TUNAIPIGA PICHA

Ukiingia kwenye mgahawa wa kahawa jijini Tokyo ukaagiza "Kilimanjaro", usitegemee kuletewa bia ya baridi. Kwa Wajapani neno hilo maana yake ni kahawa, tena kahawa yetu sisi, ya Tanzania. Lugha yao haina L, kwa hiyo wanatamka "Kirimanjaro", na wazoefu wanakata kabisa: "Kiriman". Jina hilo utalikuta kwenye menyu za migahawa na kwenye pakiti za madukani.

Basi wiki hii, mpenzi msomaji, tunakwenda Tokyo kwa starehe tatu: kahawa, msosi na mvinyo. Usianze kuogopa habari za pochi. Ni kweli kwamba jiji hili lina sifa ya ughali, na lina migahawa yenye nyota za Michelin kuliko jiji jingine lolote duniani. Lakini mtoto wa mjini mwenye akili zake anaponda raha kule bila dingi kuuza shamba.

KAHAWA KAMA IBADA

Migahawa ya kahawa ya kizamani inaitwa kissaten. Taa hafifu, viti vya ngozi, muziki wa chini chini, na nyuma ya kaunta mzee mmoja mwenye uso wa hakimu. Nenda eneo la Ginza. Pale kuna Café Paulista, jina lililoanza mwaka 1911, na kuna Café de l'Ambre, iliyoanzishwa mwaka 1948 na Ichiro Sekiguchi. Bwana huyu alifariki mwaka 2018 akiwa na miaka 103, na alikuwa bado anakaanga kahawa baada ya kuvuka miaka 100! Kwake ni kahawa tu. Hakuna chipsi, hakuna sambusa, usiulize.

Ukiagiza, punje zako zinasagwa hapo hapo. Unga unawekwa kwenye kichujio cha kitambaa, kisha maji ya moto yanamwagwa kama uzi mwembamba, taratibu, mpaka unaanza kujiuliza kama jamaa amesinzia. Hajasinzia. Hiyo ndiyo kazi yake, na ameifanya hivyo maisha yake yote. Kikombe ni kama yen 600 hadi 1,000. Yen 1,000 ni kama dola 6 au 7. Unaletewa, unakunywa pole pole, na mara nyingi hakuna anayekuharakisha.

Wenye haraka nao wana yao. Mwaka 1969 kampuni ya UCC ilitoa kahawa ya maziwa ndani ya kopo, na leo mashine za barabarani zinakutemea kopo la moto au la baridi, upendavyo, kwa bei isiyoumiza.

Wazee wetu wa kijiweni Kariakoo, wenye birika la mkaa, vikombe vidogo na kashata, nadhani wangeelewana na wale wa Ginza bila mkalimani. Wote wanajua kwamba kahawa haiendi na papara.

JINA LETU, MAPENE YA NANI?

Sasa hapa naomba tuwe wakali kidogo. Jina la Kilimanjaro lilipataje umaarufu ule? Hadithi inayosimuliwa sana ni kwamba filamu ya Marekani ya mwaka 1952, The Snows of Kilimanjaro, iliyotokana na hadithi ya Ernest Hemingway, iliwapendeza Wajapani, na wafanyabiashara wa kahawa wakaona mlango umefunguka.

Leo wana kanuni kabisa. "Kilimanjaro" ni kahawa ya arabika iliyolimwa Tanzania, isipokuwa ile ya Bukoba. Maana yake kahawa ya Mbinga au ya Mbozi inaweza kuuzwa kule kwa jina la mlima ambao mkulima wake huenda hajawahi kuuona. Na kahawa ya mchanganyiko inaruhusiwa kuitwa Kilimanjaro ikiwa na asilimia 30 tu ya kahawa yetu. Asilimia 70 iliyobaki inaweza kutoka kwingine, lakini mlima kwenye pakiti ni wetu.

Hebu tupige hesabu ya darasa la saba. Kilo moja ya kahawa mbichi, ikishakaangwa, inatoa vikombe 50 na zaidi. Vikombe 50 kwa yen 600 ni yen 30,000, karibu dola 200. Mkulima wetu kwa kilo hiyo hiyo anahesabu dola chache. Sisemi mzee wa Ginza ni mwizi. Analipa pango la mji ghali, na mikono yake ina ufundi. Ila ufundi huo ndio wenye pesa, na sisi tunauza punje tu.

MSOSI BILA AIBU

Tumbo nalo linadai. Migahawa mingi ina sanamu za vyakula dirishani, za plastiki, zinafanana na chakula chenyewe mpaka mate yanatoka. Hujui lugha? Onyesha kidole tu. Kwenye vibanda vingi vya ramen, yaani tambi za supu, kuna mashine mlangoni. Unatumbukiza pesa, unabonyeza picha, unapata tiketi, unampa mpishi. Bakuli ni kama yen 1,000. Mchana, hata mgahawa wa kifahari huwa na mlo wa bei nafuu, kwa hiyo ukitaka kumtoa mpenzi wako mahali pa maana, mtoe mchana.

Yako mambo ya kuzingatia. Ukikaa unaletewa kitaulo chenye unyevu. Ni cha mikono, usijifute nacho jasho la shingo. Tambi zivute kwa sauti, ruksa kabisa, hata kama nyumbani mama angekufinya. Vijiti usivichomeke wima kwenye wali, maana hivyo ndivyo wanavyofanya msibani. Na bakshishi hakuna. Ukiacha noti mezani, mhudumu anaweza kukukimbilia barabarani akidhani umeisahau.

Jioni watu wanajaa izakaya, baa za kula vitu vidogo vidogo: mishikaki ya kuku, samaki, maharage mabichi ya soya. Ukiletewa kibakuli ambacho hukukiagiza, usifoke. Ni desturi, na kimo kwenye bili, kama yen 300 hadi 500. Ukiwa umeishiwa kabisa, shuka chini ya maduka makubwa karibu na muda wa kufunga. Vyakula safi vinabandikwa punguzo, na wenyeji nao wanagombania.

MVINYO WA KWAO

Wengi tunajua pombe ya mchele, sake. Lakini Wajapani wana mvinyo wao, na ni bomba. Mwaka 1877 vijana wawili kutoka Yamanashi walipelekwa Ufaransa kujifunza kazi hiyo. Mkoa huo uko magharibi ya Tokyo, safari ya treni ya saa moja na nusu hivi. Zabibu yao ya Koshu ina ganda la waridi lakini inatoa mvinyo mweupe, mwepesi, unaoendana na samaki. Mwaka 2010 shirika la kimataifa la mvinyo liliiandikisha. Mwaka 2018 wakabana zaidi: hakuna kuandika "mvinyo wa Japani" kwenye chupa kama zabibu hazikulimwa Japani. Si kama ule mchezo wa asilimia 30!

Kwa mfuko mwembamba kuna Saizeriya, migahawa ya chakula cha Kitaliano iliyojijengea jina kwa glasi ya mvinyo ya yen 100. Ila ujue kwamba ukiwa chini ya miaka 20 hunywi, ukinywa huendeshi, na treni za mwisho zinaondoka kuanzia kama saa sita usiku. Ukizikosa, teksi itakufundisha adabu.

KWETU JE?

Mjapani karibu kahawa yote anaagiza nje. Lakini ameikalia darasani, akaiheshimu, na sasa anaijua ladha ya Kilimanjaro kuliko mimi na wewe. Sisi tunaagiza ya unga kwenye kopo. Zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, lakini mtu akitaka kumringia mchumba anatafuta chupa yenye maandishi ya Kifaransa.

Nawaambia vijana wenzangu, nafasi ipo. Kujifunza kukaanga kahawa na kuimwaga vizuri hakuhitaji digrii, na mzee wa Ginza alianzia kwenye kaunta. Anza na robo kilo ya kahawa ya Mbinga, Rombo au hata hiyo ya Bukoba waliyoikataa. Isage, ichuje, wape washikaji waonje. Wakiipenda, wauzie kikombe cha pili.

Tukutane wiki ijayo, tukijaliwa.