Dakika Kumi Mbele za Bwana



Wapendwa wanaparokia, majuma matatu yaliyopita, baada ya sala ya jumuiya, mama mmoja alitusogelea akatuuliza kwa unyenyekevu: "Padre, tafakari inaanzaje?" Tulimjibu kwa maneno tuliyofundishwa seminarini. Akashukuru, akaenda zake. Usiku ule dhamiri ilitusuta, kwa maana tulimwelekeza katika njia ambayo sisi wenyewe tulikuwa tumeacha kuipita. Mahubiri tuliandaa, Masifu tulisoma. Lakini kukaa kimya mbele za Bwana, hatukukaa. Alfajiri yetu ilikuwa imemezwa na simu, vikao na hesabu za ujenzi.

Kesho yake tulianza upya: dakika kumi tu kabla ya Misa, mbele ya Tabernakulo, simu tukiwa tumeiacha nyumbani. Tulifuata ngazi nne alizozieleza mmonaki Guigo wa Pili katika karne ya 12: kusoma, kutafakari, kusali na taamuli. Tulisoma Injili ya siku polepole, mara mbili, tukashika neno moja lililotugusa, tukazungumza na Bwana juu ya neno hilo, kisha tukanyamaza.

Siku ya kwanza tulitazama saa mara nne. Siku ya tatu tulisinzia. Ndipo tukamkumbuka Mtakatifu Teresa wa Avila, aliyetangazwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1970. Yeye alikiri katika kitabu cha maisha yake kwamba kwa miaka kadhaa alitamani muda wa sala uishe, akitega sikio asikie saa ikigonga. Naye Mtakatifu Fransisko wa Sales anafundisha kwamba moyo ukitangatanga, tuurudishe kwa upole, hata kama muda wote utaishia katika kuurudisha. Kurudi huko nako ni sala.

Basi, ndugu unayeanza, usingoje kuhisi jambo kubwa. Chagua wakati mmoja na mahali pamoja, hata kigoda cha jikoni kabla ya kuwasha moto. Ukikosa leo, anza tena kesho. Haba na haba hujaza kibaba.

Jana tulimwendea yule mama, tukamwomba radhi, tukamweleza ukweli wetu wote. Alitabasamu, akasema: "Kumbe hata wewe, Padre! Basi tuanze wote."

Mungu awabariki.