Magoti ya Wachezaji: Kumbukumbu za Tabibu wa Viungo

Katika maisha yangu ya kazi, ambayo sehemu yake kubwa niliitumia baina ya Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nimeshika magoti ya watu wa kila namna: wakulima wa tumbaku, wapagazi wa sokoni, waendesha bodaboda walioteleza barabarani, na akina mama wazee ambao miaka ilikuwa imekwisha kuyala magegedu yao, lakini magoti yaliyonifundisha hunari ya kazi kuliko mengine yote ni ya wachezaji wa mpira, kwa sababu mchezaji humjia tabibu na haja moja tu, nayo ni kuijua siku ya kurudi uwanjani.

Mwalimu wetu wa hospitali ya Mulago alikuwa na desturi ya kuweka mezani mfupa wa paja na mfupa wa muundi, mitupu, bila ya nyama wala kano, kisha akatuamuru tuusimamishe ule mmoja juu ya mwenziwe. Tulishindwa sote, na kushindwa huko ndiko kulikokuwa somo lenyewe. Kwani ncha ya chini ya mfupa wa paja imeviringana pande mbili, na uso wa muundi unaoipokea ni bapa, hata katika maumbile ya mifupa hiyo hamna kitu cha kuizuia isiteleze. Amana hiyo ya kuizuia yamepewa makano manne: mawili ya ubavuni, ya ndani na ya nje, na mawili yaliyo katikati ya kiungo, yaliyopishana mfano wa msalaba. La mbele katika haya ya msalaba lina urefu wa kadiri ya sentimita 3, nalo ndilo linalouzuia muundi usitoke mbele wala usizunguke kupita kiasi. Baina ya mifupa yamelala magegedu mawili ya umbo la hilali, ambayo hugawanya uzito wa mwili.

Mwaka 2016 klabu ya Onduparaka ilipopanda daraja na kuingia Ligi Kuu ya Uganda, vijana wa Arua waliushika mpira kwa ari mpya, na mlango wangu ukapata wageni. Habari zao zilifanana: alikuwa akikimbia, akakita mguu ardhini ili abadili upande, au alitua baada ya kuurukia mpira kwa kichwa, hakuguswa na mtu, akasikia mlio ndani ya goti, na kabla ya magharibi goti limejaa. Uvimbe ujao kwa saa chache namna hiyo aghalabu ni damu, na damu ndani ya goti la mchezaji ni shahidi mzito dhidi ya kano la mbele. Nyumbani walikuwa wamekwisha kukandwa kwa maji ya moto, ambayo huzidisha kuvuja. Lakini sikuona faida ya kuwakemea wazee waliokanda kwa mapenzi.

Taabu ilikuja baada ya wiki tatu, uvimbe ulipokwisha na mchezaji akarudi kuniambia: “Daktari, mimi nimepona, jana nimetembea toka Ediofe hadi sokoni.” Naye alisema kweli, kwani mwendo wa kunyooka hauna haja kubwa na kano lile, wenye haja nalo ni mgeuko. Wala kano lenyewe halijiungi kwa wepesi, kwa kuwa ute wa kiungo hauliachi bonge la damu likae baina ya ncha mbili na kuzishika. Basi nilimlaza chali, nikalikunja goti kidogo, mkono mmoja ukishika paja na wa pili ukiuvuta muundi. Mfupa ukija mbele bila ya kikomo, hukumu imetoka. Kipimo hicho kina jina la John Lachman wa Philadelphia, na walioandika habari zake mwaka 1976 ni Joseph Torg na wenziwe. Nimekipenda kwa kuwa hakidai umeme.

Koboko palikuwa na swali jingine. Kano lililokatika hubadilishwa kwa upasuaji, ukano wa mahali pengine ukapandikizwa badala yake, lakini nilipowataja mabingwa wa Kampala, zaidi ya kilomita 500 kutoka kwetu, na miezi tisa au zaidi ya kungoja, mchukuzi wa mizigo wa mpakani Oraba alinitazama kama niliyemtaka aende Hija kwa miguu. Mwaka 2010 watafiti wa Uswidi walitangaza habari za vijana 121: wengine walipasuliwa mapema, wengine walianzishwa mazoezi, wakapasuliwa ikilazimu. Baada ya miaka miwili hali zao hazikutofautiana sana, na zaidi ya nusu ya kundi la pili hawakuwa wamepasuliwa. Hapo nikapata ujasiri wa kuitetea tiba ambayo kwetu ilikuwa dharura: kuijenga misuli ya paja, mbele na nyuma, kwa miezi mingi. Asiyekubali kuijenga, naye akaendelea na mpira, huyararua magegedu.

Wasichana, wanaoumia kano hili zaidi ya wavulana katika michezo ileile, ndio walionipeleka viwanjani. Nilitaka wafundishwe kutua kwa magoti yaliyokunjwa, yasiyoangukia ndani, katika mazoezi ya dakika ishirini kabla ya mpira. Kocha wao aliniuliza kama nimekuja kufundisha ngoma. Tulijadiliana mpaka wachezaji wakachoka kutungoja. Mwishowe akanikatia dakika kumi, nami nikazichukua.