Kabla ya kununua kiwanja Kibaha, pima dakika za kufika Tumbi

Dalali alitupokea stendi ya Kibaha saa tatu asubuhi, Jumamosi, bodaboda tatu zikiwa zinatusubiri. Dada yangu alikuwa na akiba ya kikoba ya miaka minne, ambayo nilimsihi aiache benki. Shemeji alibeba daftari. Mimi nilipewa mtoto wao wa miaka mitano nimpakate. Mtoto huyo ana pumu, na ndiye aliyenifanya niitwe kwenye safari hii.

"Si wewe unaandika habari za afya?" dada aliniambia kwenye simu. "Njoo basi uniangalizie hewa."

Mzazi mwenzangu unayepanga nyumba Dar es Salaam, bila shaka na wewe umeshatumiwa matangazo ya viwanja vya Kibaha. Lipa kidogo kidogo, dakika tano kutoka barabara kuu, huduma zote zipo. Nilikwenda nikidhani ni maneno ya biashara tu, lakini mji unakua kweli. Uko kama kilomita 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam na ndio makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,098,668 katika mkoa huo. Ya mwaka 2022 ikakuta 2,024,947. Barabara ya Morogoro imepanuliwa kuwa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha. Mbele zaidi, ukishapita Mlandizi, kuna bandari kavu ya Kwala iliyozinduliwa Julai 2025. Viwanda ndio usiseme: vya chuma, vya dawa, vya chanjo za mifugo, hata kile cha viuadudu vya kuua viluwiluwi vya mbu, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba.

Dalali alivitaja vyote hivyo kabla hatujafika Kwa Mathias. Hospitali hakuitaja.

Ajabu, maana hospitali na shule ndivyo vilivyotangulia hapa. Mwaka 1963 Tanganyika na nchi za Nordic walikubaliana kujenga kituo Kibaha, wakati eneo kubwa likiwa bado pori na mashamba. Walianza na sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima. Januari 1970 kituo kikakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania, kikawa Shirika la Elimu Kibaha. Kile kituo cha afya ndicho kilichokua hadi kuwa Tumbi, leo hospitali ya rufaa ya mkoa, inayofahamika kwa kupokea majeruhi wa ajali za Barabara ya Morogoro. Sekondari ile ni Kibaha ya wavulana wa vipaji maalumu, ambayo wazazi wa nchi nzima wanaiombea watoto wao. Miji mingi ya pembezoni mwa Dar es Salaam ilianza na nyumba, zahanati ikaja baadaye kwa michango na kelele. Kibaha ilianza na zahanati. Kama ningekuwa ninauza viwanja, hilo ndilo ningelitangaza.

Kiwanja cha kwanza kilikuwa upande wa Zegereni, ndani sana kutoka lami. Tambarare, kikubwa, mikorosho mitatu imesimama pembeni. Bei ilimfanya shemeji aandike, afute, aandike tena.

"Mama, hapa baada ya miaka mitano utanitafuta unishukuru," dalali alimwambia dada. "Viwanda hivyo unavyoviona, wafanyakazi watapanga wapi? Kwako! Na treni ya umeme ipo."

Treni ipo, sikatai. Ila reli ya kisasa haipiti mjini Kibaha. Stesheni zilizo jirani ni Soga na Ruvu, na si kila treni inasimama huko. Anayekwenda kazini Kariakoo kila siku atapanda daladala hadi Kimara, kisha basi la mwendokasi.

Siku hiyo hewa ilikuwa safi kabisa. Mtoto alikimbia kati ya mikorosho bila kukohoa hata mara moja, na dada akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Nilinyamaza. Hewa ya Jumamosi asubuhi haikuambii mengi. Nilimfuata mama mmoja aliyekuwa anauza maandazi njia panda, nikamuuliza malori yanapita saa ngapi. Akacheka. "Njoo jioni ya Jumatano, mwanangu, hutaona hata mlango wako." Vumbi la barabara isiyo na lami na moshi ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha pumu ya mtoto, na hili ninaliandika karibu kila mwaka bila kufikiri kwamba siku moja nitalisemea nyumbani kwetu.

Kisha nikafanya kitu ambacho dalali hakukipenda. Nilimwomba kijana wa bodaboda atupeleke mimi na mtoto kutoka kwenye kile kiwanja hadi lango la Tumbi, mwendo wa kawaida, nikitazama saa. Dakika 34. Mchana, jua kali, barabara kavu. Pumu ikibana saa nane usiku, mtoto huvutishwa dawa yake papo hapo. Isipomtuliza, anahitaji oksijeni na wahudumu haraka. Dakika 34 za mchana mkavu ni ngapi usiku wa masika? Na bodaboda gani itaingia huko saa nane?

Shemeji aliandika 34 kwenye daftari, akaizungushia duara.

Kiwanja cha pili tulikipata kwa bahati, kupitia fundi aliyekuwa anajenga kwa jirani, karibu na Tumbi. Kidogo, karibu nusu ya kile cha kwanza, na ghali zaidi. Hakuna mikorosho. Upande mmoja kuna nyumba ya wapangaji, upande mwingine ukuta wa mtu. Kutoka hapo hadi hospitali ni dakika tisa, na unaweza kutembea ukilazimika.

Dada alikunja uso. Nilimwelewa. Ndoto ya kutoka Dar es Salaam ni nafasi: bustani ya mchicha, mabanda ya kuku, watoto wacheze mpira. Hapa angehama kutoka kubanwa kwenda kubanwa, tena kwa fedha nyingi zaidi.

Tukauliza maji. Mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi, na bomba kubwa linalopeleka maji Dar es Salaam linapita ukanda huu huu. Lakini bomba kupita jirani na maji kutoka jikoni kwako ni mambo mawili. Mama wa nyumba ya jirani alituonyesha tangi lake, akasema yanatoka siku mbili au tatu kwa wiki, na ukiwa na tangi hupati shida. Kule kwa kwanza jibu la dalali lilikuwa "mradi unakuja". Ukisikia hivyo, weka kwenye hesabu bei ya madumu ya kununua kila siku, kwa sababu mtoto hawezi kunawa kwa mradi unaokuja.

Jambo ambalo sikuwa nimelifikiria alilileta shemeji. Wao wote wawili wanafanya kazi Kariakoo. Wakihamia Kibaha watatoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Nani atamjua mtoto amepumuaje siku nzima? Dada wa kazi atajua kutumia dawa ya kuvuta? Walibishana njiani hadi Kibamba, kwa sauti ya chini, mtoto akiwa amelala mapajani mwangu. Sikuingilia. Waliafikiana kwamba watajenga taratibu na kuhamia mmoja wao atakapopata kazi upande huu, au mtoto akianza darasa la kwanza, lolote litakalotangulia.

Jumatatu shemeji alikwenda ofisi ya ardhi ya halmashauri na namba za viwanja vyote viwili. Kile chenye mikorosho, kwenye mchoro wa mipango miji, kimo katika eneo la viwanda, siyo makazi. Dalali alipopigiwa alisema hizo ni karatasi tu, zitabadilishwa. Bado anapiga simu, na bei imeshashuka mara mbili.

Malipo ya kwanza ya kiwanja cha pili yalifanyika Ijumaa iliyopita, kupitia benki, mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mkataba una majina mawili, la mke na la mume. Hilo dada alilisimamia mwenyewe. Mtoto ameulizia mikorosho. Ameahidiwa mmoja, utakaopandwa kwenye kona moja iliyobaki baada ya tangi.