Leo Tunakaa

“Mama, leo tunafanya nini?”

Swali hilo ndilo linaloniamsha tangu vakansi ianze mwezi wa saba. Wanangu ni watatu: wa kwanza ana miaka minane, wa pili mitano, kitinda mimba mitatu. Shule zimefungwa hadi Septemba, vumbi la kiangazi limetanda juu ya Rumonge, mji wetu wa Burundi kando ya ziwa, na mimi mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwani, sina ndagala wa kuuza. Mwezi umepevuka. Wavuvi wetu huvua usiku kwa taa, kwa maana ndagala hufuata mwanga penye giza. Mbalamwezi ikimwagika ziwa zima, taa haina kazi tena, na mitumbwi hulala ufukweni siku kadhaa hadi giza lirudi. Ziwa limenipa mapumziko ambayo sikuyaomba.

Siku mbili za kwanza nilihangaika. Nilitoa daftari, nikawapangia hesabu na imla kila asubuhi. Nilihisi mtoto akikaa bure ni hasara, kama ndagala walioanikwa wakasahauliwa. Siku ya tatu mama yangu, akiwa mkekani chini ya mwembe, akaniambia taratibu: “Waache wakae, binti yangu. Wewe hukukaa.”

Neno hilo liliniingia. Nilizaliwa Katumba, karibu na Mpanda, Tanzania, katika makazi ya wakimbizi wa Burundi yaliyoanzishwa mwaka 1973. Machafuko ya 1972 yalianzia huku huku kwetu, Rumonge na Nyanza-Lac, mwishoni mwa Aprili, na mauaji yakafuata nchi nzima. Mama alikuwa msichana mdogo. Yeye na watu wa kwao walitoka usiku kwa mtumbwi, wakaambaa na pwani hadi Kigoma.

Katumba tulilima, tulisoma kwa Kiswahili, na njaa haikutukuta mara nyingi. Lakini kila jioni wazee walitaja imuhira, yaani nyumbani kwa Kirundi, wakinyoosha kidole upande ambako sisi watoto tuliona miti tu. Nyumbani palikuwa mahali pa kusimuliwa. Mama alikataa kupanda mwembe uani. “Embe la hapa atalila nani?” alisema. Tulikuwa watu wa kesho, na mtu wa kesho hakai. Huchutama tu, mzigo ukiwa karibu.

Tulirudi mwaka 2008, wakimbizi wa 1972 walipoanza kurejeshwa kwa wingi. Wenzetu zaidi ya 150,000 walichagua kubaki na kupewa uraia wa Tanzania, na ninawaelewa. Sisi tulikuta familia nyingine katika shamba letu la michikichi, tukagawana nusu kwa nusu. Kabla hata paa halijakamilika, mama alipanda mwembe. Ndio huu tunaokaa kivulini mwake.

Basi nikarudisha daftari kabatini.

Mkubwa akaokota kokwa za chikichi zilizobaki baada ya kukamua mawese, akachimba kishimo na kumfundisha mdogo wake, binti wa miaka mitano, mdako: rusha moja juu, kumba zilizo shimoni, idake ile ya juu kabla haijaanguka. Mwanzo binti alikumba moja tu, nayo ikamponyoka. Alipofanikiwa alihesabu kwa Kiswahili. Alipokasirika alinung’unika kwa Kirundi. Jua lilipofika utosini alikuwa anakumba tatu, na zile hesabu nilizotaka kumlazimisha alikuwa anazifanya mwenyewe, magoti yakiwa yamejaa vumbi. Mtoto wa jirani akajiunga nao. Nyumba yao ilikuwa karibu na maji, na ziwa lilipopanda miaka hii ya karibuni likaimeza. Sasa wamejibanza kwa shangazi yake.

Jioni tuliteremka ufukweni tumeshikana mikono, kwa kuwa ziwa lina mamba na viboko na mtoto haendi peke yake. Binti akatazama ng’ambo. Siku za mvua, anga likishaoshwa, milima ya Congo husimama wazi hata ukaweza kuhesabu mabonde yake. Kiangazi, utusitusi huifuta yote.

“Bibi, milima imekwenda wapi?”

“Ipo palepale. Ngoja mvua.”

Mama alijibu bila kugeuka, huku akimfuta kitinda mimba mafuta ya chikichi midomoni. Nami nikakumbuka kwamba aliyesema hivyo aliingoja milima hii miaka 36.

Wazazi tunaogopa sana siku tupu. Tunadhani upendo ni kuijaza kila saa ya mtoto, asije akachoka, asije akabaki nyuma ya wenzake. Kazi na masomo vina wakati wake, wala sivibezi. Lakini mtoto anayeuliza “leo tunafanya nini” ni mtoto asiyelazimika kuuliza “leo tunalala wapi.” Ule uchovu wake wa kukaa nyumbani ni neema ambayo mama yake hakuijua, na ambayo yule mtoto wa jirani ameipoteza. Tusiharakishe kuwaondolea. Tuketi nao, na mkeka uwe na nafasi ya mtoto asiye na kwao.

Siku chache zijazo giza litarudi, taa zitatapakaa ziwani, nami alfajiri nitakuwa mwaloni na beseni langu. Ila kesho bado ni mbalamwezi. Wakiniuliza tena, jibu ninalo.

“Leo tunakaa.”