Bia nyeusi, pipa la mitumba na pua ya nyanya

Leo tunaweka kompyuta kando kidogo, ingawa mtaona haikukaa mbali sana.

Wanaonifahamu wanajua kwamba msimamo wangu kuhusu bia ni kama ule wa programu. Kwenye kompyuta natumia Linux na programu huria kila ninapoweza. Kwenye baa namuunga mkono mtengenezaji mdogo. Kwa hiyo Guinness huwa siinunui. Si kwamba wamenikosea jambo, la hasha! Ni vile tu iko kila mahali kutoka Kisii mjini hadi Nyamira, na shilingi yangu haiwaongezei kitu.

Basi Desemba binamu yangu anayeishi Minnesota (kule Wakisii ni wengi mno) akaja nyumbani na chupa moja. Ilikuwa Guinness, ndiyo, lakini si ile tuliyoizoea. Hii ilitengenezwa kwenye kiwanda chao cha karibu na Baltimore, kilichofunguliwa mwaka 2018, kisha ikalazwa ndani ya mapipa yaliyokuwa na wiski ya Bulleit. Kileo asilimia 10. Akanisukumia na kusema, "Haya, bwana misimamo, onja."

Kwanza tuelewane kuhusu hayo mapipa. Sheria ya Marekani inasema wiski ya bourbon ilazwe kwenye vyombo vipya vya mti wa mwaloni, vilivyochomwa ndani hadi vikawa mkaa. Pipa likishatumika mara moja, haliwezi kutumika tena kwa bourbon. Kwa hiyo mapipa mengi huuzwa, yakaenda kwa watengenezaji wa wiski wa Uskoti, na mengine kwa watu wa bia. Kwa lugha yetu hiyo ni mitumba! Kama robota la Daraja Mbili: mwenye kwanza ameshamaliza nayo, lakini kitambaa bado kizima. Mbao zimenyonya wiski, na ule mwaloni uliochomwa unatoa vanilini, kemikali ile ile inayoipa vanila harufu yake. Bia ikikaa humo miezi kadhaa, inavuta vyote.

Sasa, mtu mwenye msimamo ataonjaje kwa haki? Ukiona jina kwenye chupa, ulimi unakuwa umeshaamua. Hapo nikamkumbuka William Sealy Gosset. Huyu bwana aliajiriwa na Guinness mjini Dublin mwaka 1899, na kazi yake ilihusu shayiri, ambako unapata sampuli chache tu na bado unatakiwa kuamua. Mwaka 1908 alichapisha njia ya kufanya uamuzi huo kwa kutumia jina la "Student", kwa sababu kampuni haikuruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao. Tulisoma kipimo chake chuoni, na leo mtu akilinganisha kurasa mbili za tovuti ajue ipi inabofywa zaidi, mara nyingi anatumia hesabu ya huyo mtu wa bia. Yaani kiwanda ninachokikwepa kimekuwa ndani ya kazi yangu miaka yote!

Tukafanya hivi. Vikombe vya bati, namba chini yake, binamu anamimina jikoni bila sisi kuona. Bia tatu, zote nyeusi: ile ya pipa, Guinness ya kawaida kutoka Kisii mjini, na bia nyeusi ya mtengenezaji mmoja mdogo wa Nairobi ninayempenda. Tulikuwa waonjaji wanne, kila mmoja na karatasi yake, na kunong'onezana marufuku.

Matokeo: watatu kati ya wanne tuliweka ile ya pipa juu kabisa. Mimi niliipa 8 kati ya 10, ya mtu wangu wa Nairobi 7, Guinness ya kawaida 5. Ilikuwa nzito, na utamu wa vanila ukija mbele, kisha kahawa chungu, kisha joto la wiski kifuani. Watu wanne si utafiti, Gosset mwenyewe angecheka. Lakini namba niliiandika kabla sijajua jina, na siifuti.

Kilichonigusa zaidi kilitoka kwa nyanya. Magokoro hanywi tena tangu abatizwe, miaka mingi sasa. Alipita pale uani, akachukua kikombe changu, akanusa tu. "Hii ni nafaka ya kukaangwa," akasema. "Na mtungi wenu uliungua." Hakuna aliyemwambia habari za pipa!

Anajua kwa sababu alipika busaa nusu ya maisha yake, huku upande wa Kebirigo. Unga wa mahindi unalowekwa na kuachwa siku kadhaa uchachuke, unakaangwa juu ya bati hadi uwe kahawia, unachanganywa na maji na kimea cha wimbi, unaachwa tena, kisha unachujwa. Guinness nao huchoma shayiri, ndipo weusi ule unapotoka. Tofauti ni kwamba nyanya alikuwa akikimbia kichakani na mtungi askari wakija. Baba alimaliza sekondari kwa pesa ya mtungi huo.

Hapo ndipo ulipo msimamo wangu, ndugu zangu, kuliko kwenye ulimi. Enzi za ukoloni, hadi miaka ya 1940, Mwafrika alikatazwa bia ya chupa. Baadaye chupa ikawa heshima na mtungi ukawa aibu. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 ilifuta ile iliyoharamisha chang'aa, ikaruhusu itengenezwe kwa leseni na kufungashwa. Lakini mama wa kijijini atatoa wapi pesa za leseni na mashine za chupa?

Kwa hiyo ladha ni swali moja na pesa ni swali jingine. La kwanza limejibiwa: bia ile ni nzuri sana, na akinimiminia mtu tena nitashukuru. La pili liko pale pale, shilingi yangu itaendelea kwa mdogo. Ninachotamani ni siku moja mtu wa Nyamira alaze busaa au bia ya wimbi kwenye pipa, aandike jina lake juu ya chupa, na aiuze mchana kweupe.

Nyanya alirudisha kikombe akauliza kama binamu alilipia leseni. Hakuna aliyemjibu.